Mkalimani na Kompyuta Aliyoachiwa

Kila nilipomwona asubuhi akija na koti lake la kijivu, nilijua kompyuta yake imegoma. Mwenyewe hakusema imegoma. Alisimama mlangoni pa saiba yangu, duka langu la kompyuta na mtandao, akavua kofia, akasema, "Fundi, leo imesema neno mpya," kwa uzito ambao watu wengine huuweka akiba ya kutangazia misiba. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilifunga droo kwa kishindo, nikawaomba radhi wateja, nikamfuata, maana nisipomfuata angebaki pale akiamkiana na kila anayeingia, na salamu zake zilikuwa na mikia mirefu.

Mtaani tulimwita Mkalimani. Jina analo, na ukoo wake uko Nabuyoga, wenyewe wanaujua. Mimi si mtu wa kuhesabu mababu wa wenzangu. Mimi ni Msamia wa Bulumbi. Nilikuja Busia kufungua saiba upande huu wa Uganda, nikakuta nyumba yake iko nyuma ya chumba changu, tumetenganishwa na ua wa michongoma. Kwa miaka yote ile nilimjua kwa mambo mawili: sauti yake kanisani na kompyuta yake sebuleni.

Kanisani kwetu mhubiri hasimami peke yake. Waumini ni Wasamia, Wapadhola, Wateso, na Waluo wanaovuka kutoka ng'ambo, upande wa Kenya, na mhubiri mara nyingi huja na Kiingereza chake kutoka mbali. Kwa hiyo lazima asimame mtu ubavuni pake amgeuzie neno katika Kiswahili, lugha ambayo wachache kwetu wamezaliwa nayo lakini hakuna anayenunua nyanya bila hiyo. Yeye alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alisimama bega la kushoto la mhubiri, nyuma kidogo. Mhubiri akinyoosha mkono, wake nao juu. Mhubiri akishuka magotini, naye huyo chini, na magoti yenyewe mabovu. Mhubiri akilia, alilia machozi ya kweli, kisha akatoa leso, akajifuta, akangoja sentensi inayofuata.

Alikuwa na sheria moja. Mhubiri akisema "mimi", naye anasema "mimi". Wakalimani wa "anasema kwamba" aliwadharau waziwazi.

"Ule ni mpeleka umbea," aliniambia. "Kama unabeba neno ya mtu, beba na mwenyewe ndani. Mdomo ni daraja, Fundi. Daraja haichagui nani apite."

Siku moja alikuja mhubiri mgeni, mtu mnene mwenye ushuhuda mzito, akakiri mbele ya watu kwamba kabla ya kuokoka alikuwa akimpiga mkewe kila alipolewa. Mkalimani akageuza kwa sauti ya kutikisa mabati: "Mimi nilikuwa nikimpiga mke wangu mpaka majirani wanaamka!" Akarusha na ngumi hewani, sawasawa na mwenziwe. Nyuma kabisa alikuwepo bibi mmoja aliyechelewa kuingia, macho yake yana ukungu, hakuweza kumwona mhubiri. Alichosikia ni sauti anayoijua. Akainuka, akapapasa hadi kwenye benchi la akina mama, akamkumbatia mke wa Mkalimani na kumlilia. Kwa siku kadhaa wanawake walimpelekea ndizi na pole. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa mcheshi, alizipokea ndizi zote. "Huyu bwana yangu," alisema, "akitubu dhambi ya watu, mimi nakula." Tulicheka sana. Sasa nikikumbuka kicheko kinakwama.

Maana neno lake mwenyewe lilikuwa adimu kuliko mvua ya Januari. Ukimuuliza anaonaje hali ya mashamba, alikwambia watu wa Mella wanasema mihogo imeoza. Ukimuuliza chakula kimekuwaje, alisema wageni wamesifu. Ukimuuliza siasa, alikupa maoni ya kila upande kwa sauti ya kila upande, ukaondoka na kichwa kimejaa watu, na yeye mwenyewe humo hayumo. Nikamwambia siku moja, "Mzee, mfinyanzi hulia gaeni. Una maneno ya watu wote, ya kwako yako wapi?"

"Ya kwangu nani atasikiza?" akajibu, akacheka.

Siku ya kumzika mkewe aliitwa aseme machache kama mfiwa. Alisimama, akafungua mdomo, akaufunga. Mchungaji akamhurumia, akaanza kuhubiri kwa Kiingereza ili kuijaza ile nafasi. Papo hapo bwana yule akasogea begani pa mchungaji, akageuza mahubiri ya maziko ya mke wake mwenyewe kuanzia mwanzo hadi amina, sauti haikutetereka. Wengi walisifu uvumilivu wake. Mimi nilikasirika, wala sikujua namkasirikia nani.

Usidhani alikuwa malaika. Neno la mtu asingelipunguza hata silabi, lakini sabuni na mafuta ya kupikia aliyavusha kwa njia ya panya bila kupepesa jicho, na akikutana na askari alimsalimia kwa lugha ya kwao askari. Na hata Kiswahili alikuwa nacho cha aina mbili. Cha jukwaani kilikuwa kimepigwa pasi, kila kiambishi mahali pake. Akishuka alivaa kile chetu cha mpakani, cha "nakwenda" na "hapana gusa". Nilimtania kwamba kile cha kwanza anakitundika pamoja na koti.

Sasa kompyuta. Ilikuwa ya mezani, nzito, sanduku lake likinguruma kama kinu cha mahindi, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho kilitolewa kwa heshima kila inapowashwa. Binti yake aliinunua ikiwa imeshatumika, akaitumia kusomea. Kivinjari chake, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kilikuwa cha umri uleule, na kilikuwa na magonjwa yote ya uzee.

Ujumbe wa hitilafu ulikuja kwa Kiingereza, naye hakuweza kuuacha hivyo. Nikiingia sebuleni nilimkuta amesimama kando ya kioo cha mashine, upande wa kushoto, mikono mbele.

"Imesema: 'Mimi nimeshindwa kuifikia tovuti hiyo. Tafadhali kagua muunganisho wako.'"

"Mzee, modemu imechomoka."

"Sawa. Lakini imesema na adabu."

Umeme ulipokatika, na kwetu hukatika, kompyuta ilisahau tarehe ikarudi miaka mingi nyuma, kisha kila ukurasa ukakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama. Mtu mwingine angesingizia virusi. Nilimwonyesha kwenye kona ya kioo: tarehe imekosea, kwa hiyo tovuti zinaiona mashine kama msafiri mwenye kitambulisho kilichokwisha muda. Ndani kuna betri ndogo, duara, kama kifungo cha shati, inayotunza saa umeme ukiwa haupo, nayo ilikuwa imekufa. Alivuka kuinunua ng'ambo. Nilipoiweka akatazama tarehe ikitulia.

"Kumbe ilikuwa inafikiri ni ule mwaka yeye iko hapa," akasema.

Alimaanisha binti yake.

Kisha kulikuwa na suala la ruhusa. Tovuti ikiuliza kama imtumie taarifa, alisoma swali lote kwa sauti, akaligeuza Kiswahili, akabonyeza ndiyo. Kila tovuti. Matokeo yake kona ya kioo haikutulia: kamari, dawa za nguvu, wachumba wa nchi asizozijua, na maonyo ya uongo kwamba mashine imejaa wadudu.

"Kwani hujui kusema hapana?" nilimfokea.

"Wameomba vizuri, Fundi. Wamesema tafadhali."

Niliingia kwenye mipangilio nikazizima moja moja, nikang'oa na viongezi, vile vijiprogramu vinavyojibandika kwenye kivinjari, vilivyokuwa vimekula nusu ya dirisha. Mashine ikapata pumzi, naye akanipa chai yenye tangawizi nyingi hadi nikakohoa.

Lakini dawa ya kwanza ya kivinjari kizee kila fundi anaijua. Unafuta kumbukumbu zake zote, historia na vile vidakuzi ambavyo tovuti huacha ndani yake ili zikutambue ukirudi, kisha unaanza upya. Hiyo alinikataza. Siku ya kwanza nilipoitaja aliweka mkono wake juu ya kipanya.

"Fanya yote. Hapana futa."

Nilitaka kumgombeza, nikakiachia kipanya. Nilijua katazo lile lilikotoka, kwa sababu siku lilipozaliwa nilikuwepo.

Binti yake alikuwa mmoja, na baada ya mama kufa wakabaki wawili. Alifanya kazi ya kuwaandalia madereva wa malori hati zao pale mpakani, msichana mchapakazi, mwenye ulimi. Akapata mchumba, kijana wa Kisamia wa upande wa Kenya, na wageni wakaja kuzungumza mahari. Desturi ni kwamba siku hiyo baba wa binti hasemi. Anakaa, ana msemaji wa ukoo wa kumsemea. Kikao kilikuwa kwa Kiswahili ili wote waelewane, lakini wageni walikuja na shangazi wa kijana, mama mkali aliyekataa kusema lugha yoyote isipokuwa Kisamia, na wazee wa Nabuyoga hawakijui. Mtu aliyeombwa kugeuza hakutokea. Mimi ningeweza, ila jirani mwanamke anayegawa soda haulizwi. Watu wakatazamana. Kisha wakamtazama baba wa binti, ambaye Kisamia anakijua kwa kuishi kwetu, maana nani hajui kazi yake?

Akainuka. Akafunga vifungo vya koti, akasogea bega la kushoto la yule shangazi.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya ng'ombe na mbuzi, na aligeuza vizuri, kila upande ukiridhika. Baadaye bei ya ng'ombe ikamchafua roho shangazi. Alikuwa amesikia ya kusikia kuhusu wasichana wa mpakani. Akanyoosha kidole kwenye pazia la chumba ambamo binti alikaa na wenzake akingoja kuitwa, akasema neno lake kwa Kisamia. Niliganda na trei mkononi. Nilimwomba Mungu Mkalimani akohoe, asahau, aanguke, chochote.

Hakukohoa. Alinyoosha kidole kwenye pazia lilelile, na kwa ile sauti ya kanisani akasema, "Mimi siwezi kumpokea msichana aliyepitiwa na kila dereva wa mpaka huu. Mimi naona aibu hata kukaa ndani ya nyumba hii."

Nyumba ilikuwa yake.

Sitasahau uso wake alipomaliza. Alikuwa anangoja sentensi inayofuata. Ilichukua muda, wazee wa pande zote wakiwa wamesimama na kupigiana kelele, ndipo akatazama kidole chake na kukishusha.

Posa ikavunjika. Asubuhi iliyofuata binti alinijia saibani, macho yamevimba, akanieleza kwa nini hawezi kubaki na babake. "Mimi si mtoto, Dada. Najua hayakuwa yake. Lakini nitayasikia na sauti yake mpaka nife." Kabla ya kuondoka alimfungulia baba kisanduku cha barua pepe katika ile kompyuta. Neno la siri aliliweka mwenyewe, hakumwambia mtu, akakiacha kisanduku wazi. Akamwambia: "Ukipata neno yako mwenyewe, andika hapa. Ikitoka kwingine nitajua umetafuta mtu wa kukusemea." Akaenda nchi ya mbali, kazi za hotelini. Hakuacha namba ya simu, aliacha anwani yake tu ndani ya kile kisanduku.

Basi ndiyo hiyo "hapana futa". Kisanduku kilibaki wazi kwa sababu kivinjari kilikumbuka kwamba mtu huyu ameshaingia, basi. Nilitafuta neno la siri kwenye mipangilio, halikuwa limehifadhiwa. Ukifuta vidakuzi, kivinjari kinasahau, mlango unajifunga, na ufunguo anao mtu asiyepigiwa simu. Nilimwomba ruhusa nimwandikie binti kwa kisanduku changu, niulize tu hilo neno la siri. Alinikatalia, akanifanya niahidi.

"Nitaandika mwenyewe. Bado natafuta neno."

Alilitafuta kwa miaka. Asubuhi nilimwona kupitia dirisha lake, amefungua ukurasa wa barua mpya, anwani ya binti juu, chini weupe mtupu, chai inapoa. Na kompyuta haikumngoja. Tovuti zilianza moja baada ya nyingine kukataa kivinjari chake kwa kuwa kimepitwa na wakati. Nilijaribu kukisasisha, kikakataa, kwa sababu mfumo wa mashine yenyewe ulikuwa mzee kuliko kinachotakiwa, na kuubadili mfumo ni kufuta kila kitu. Kurasa za habari zikaenda, utabiri wa mvua ukaenda. Ikabaki barua pepe peke yake, nayo siku moja ikaja na mstari wa njano juu.

Alinigeuzia kama kawaida. "Imesema: 'Karibuni mimi sitaweza kukufungulia.'"

"Unajua maana yake, Mzee? Hii si mahubiri. Ikifungwa imefungwa."

"Najua."

"Basi mwandikie leo! Mwambie samahani. Hata hiyo moja tu."

"Samahani ni neno ya watu wote. Yeye anataka yangu."

"Na yako ni gani?"

Alitazama mikono yake. "Hiyo ndiyo sijui, Fundi. Nikitafuta, inakuja ya wengine."

Nilimwonea huruma, na bado nilitamani kumshika mabega nimtikise. Nilirudi saibani nikamkaripia mteja asiye na kosa.

Siku alipolipata neno, au nusu yake, mimi nilikuwa Tororo nikinunua wino. Yeye alinisimulia baadaye. Alikuwa ameandika mistari miwili, akaisoma, akaona inakaa. Akabonyeza kutuma, ukurasa ukazunguka bila kwenda: bando limekwisha. Sasa hapa kwetu bando likiisha hakuna anayeshtuka. Kila mtu ana laini mbili, ya Uganda na ya Kenya, na minara ya ng'ambo tunaipata vizuri tu tukiwa sebuleni kwetu. Unachomoa hii, unachomeka ile, unaendelea na mambo yako. Akafanya tunavyofanya sote. Alichomoa laini ya Uganda kwenye modemu, akachomeka ya Kenya, akabonyeza tena.

Kwa wenye kisanduku, ile kampuni ya barua pepe, huko waliko, mtu aliyekuwa Uganda sasa hivi alitokea ghafla Kenya, tena kwa kivinjari ambacho wameshakitilia shaka. Wakamwona mwizi. Wakafunga, wakadai neno la siri, na wakasema kama hulijui tutatuma tarakimu za kuthibitisha kwenye namba ya simu ya aliyefungua. Ilikuwa namba ya zamani ya binti, laini iliyokufa alipoondoka.

Nilipofika nilimkuta amekaa. Hakusimama kando ya kioo, hakunigeuzia kitu. Nilisoma mwenyewe. Nilirudisha laini ya Uganda, nikakagua tarehe, nikajaribu kurudi ukurasa wa nyuma, nikazima na kuwasha, nikajaza maswali yao ya kujitambulisha, wakanijibu kwamba hawajaridhika. Nilijaribu mpaka kiuno kikauma. Maji yalikuwa yamemwagika. Ile mistari miwili nayo ilikwenda na ukurasa.

"Ilisemaje?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Sijui kama alikuwa amesahau au hakutaka kuitamka mbele yangu.

Baada ya hapo aliacha kusimama kanisani. Alisema koo linamsumbua. Wakampa kazi hiyo kijana wa "anasema kwamba", na watu wakawa wanasinzia. Nilimpelekea uji, akaupokea, akashukuru, akafunga mlango. Kompyuta ilifunikwa kitambaa chake, haikuwashwa tena.

Kisha asubuhi moja ya mvua akaingia saibani bila koti. Sikuwahi kumwona hadharani bila koti, alionekana mdogo.

"Nipe mashine, Fundi."

Nilimfungulia kisanduku kipya. Neno la siri alichagua mwenyewe, nami nikatazama ukutani akiliandika. Anwani ya binti aliijua kwa moyo, herufi kwa herufi. Nilivuta kiti nimwandikie, akanizuia kwa kiganja. Akaanza kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Sikuweza kujizuia, nilichungulia: "Binti yangu mpendwa, nasikitishwa mno na maneno yaliyotamkwa katika kikao kile." Kilikuwa Kiswahili cha jukwaani, kimenyooka, kimepigwa pasi. Yaliyotamkwa na nani? nilitaka kupiga kelele. Niliuma ulimi. Jasho lilikuwa linamtoka, na mvua ile ilikuwa ya baridi. Akaandika hivyo hivyo mpaka mwisho, akatuma, akaenda zake.

Jibu lilikuja mvua zikiwa bado zinanyesha. Alikuja kulisoma, nami nikasimama nyuma ya kiti. Lilikuwa swali moja.

"Haya nayo ni maneno ya nani?"

Alilisoma kimya. Midomo yake haikucheza hata kidogo, mtu ambaye alisoma hata tangazo la sabuni kwa sauti. Mimi nilishikwa na hasira, na safari hii nilimkasirikia binti, ingawa nilijua ana haki.

"Ngoja nimwandikie mimi," nilisema. "Nitamwambia nilikuona kwa macho yangu, uliandika yote kwa kidole chako mwenyewe. Mimi ataniamini."

"Hapana, Fundi. Ukisema wewe, iko mtu katikati tena."

Alisogeza kibodi karibu. Akaandika namba yake ya simu, bila salamu, bila jina, akatuma. Kisha akakaa pale pale, simu juu ya meza mbele yake, nami nikarudi kuchapa vyeti vya watu. Wateja waliingia wakamwamkia. Aliwaitikia kwa kichwa tu, nao wakanitazama mimi wakitaka maelezo, nikawageuzia mgongo.

Simu ikaita, namba ndefu ya nchi ya mbali. Aliitazama ikiita hadi mteja mmoja akasema, "Mzee, si ushike?" Akaishika. Simu yake ni ile ya sauti kubwa inayosikika chumba kizima, na sote tukasikia mwanamke akisema, "Baba. Sema."

Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alisimama, akakaa tena. Ukimya ukawa mrefu hata nikadhani laini imekatika, na mkono wangu ukaenda wenyewe kuelekea kwenye simu, nimsaidie, niseme yupo, anakusikia, ana haya tu. Akaugeuza mwili wake akanipa mgongo.

Ndipo akaanza. Hakikuwa Kiswahili cha jukwaani wala cha mpakani. Kilikuwa Kidhopadhola, lugha ya kwao Nabuyoga, ambayo mimi naijua salamu zake tu. Na alikuwa anababaika! Alishika neno akaliacha, akatafuta jingine, akarudi nyuma, akakwama, akaanza upya, kwa sauti nyembamba nisiyoijua, nami nilidhani sauti zake zote nimezisikia. Upande wa pili hapakusikika kilio wala jibu, pumzi tu. Nilitazama mgongo wake ukipanda na kushuka ndani ya shati lililolowa. Sikuelewa hata neno moja, na hakuna aliyenigeuzia.